Kadi Mpya, Mkono Uleule

"Ni weye ulibapatia namba! Sema! Ni weye!"

"Mama Kambale, nakuapia mbele ya Mungu..."

"Mungu umuache kwake. Yeye haiko na simu. Weye njo iko na simu!"

Bahasha ilipaa, ikampiga Osée kifuani, ikaangukia gunia la maharagwe. Ndani yake kadi ya benki ilikuwa bado imebanwa kwenye karatasi yake, haijaingia kwenye mashine yoyote, haijaona jua. Kyakimwa aliificha mwenyewe chini ya magunia na hakumwonyesha mtu. Asubuhi hii simu ya duka, ile anayotembea nayo Osée, ikalia, naye akasoma kwa macho yake: pesa zimekatwa tena. Zimekatwa kwenye kadi ileile iliyolala gizani.

Hapo ndipo tulipowaacha Jumamosi iliyopita. Kwa aliyefungiwa samaki na gazeti lile kabla hajalisoma, nitasema upesi, maana ugomvi hausubiri.

Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi, Kambale, mtoto pekee waliye naye Osée na Kyakimwa, alikuwa kule, fundi wa frigo, yaani majokofu. Simu yake ilinyamaza, na hadi leo imenyamaza. Osée akatafuta huku na huku kwenye mtandao, akakuta kampuni iitwayo Lumière Retour, inayojisifu kwamba inatafuta watu waliopotezwa na vita. Ikaomba kadi ya benki. Kyakimwa anayo kadi, kwa sababu huagiza vitenge na sabuni Kampala, na hulipia hapahapa Kisangani. Wakaandika namba zake kwa pamoja, wote wawili wakilia. Tangu siku ile, kila mwezi kampuni inajichukulia pesa bila kugonga mlango, na kila mwezi inatuma meseji: kijana yuko hai, tunamkaribia, kuweni na subira.

Haikutuma picha. Haikutuma sauti. Subira tu, tena ya kulipia.

Kyakimwa alichoka. Akaenda benki peke yake, akasema kadi imepotea, akapewa nyingine. Aliporudi mtaani kwao Mangobo alitembea kama mtu aliyekata kamba kwa panga.

Kamba haikukatika. Basi turudi dukani.

"Meseji za banque zinaingia kwako," Kyakimwa alisema. "Ulijua nimebadilisha carte."

Osée aliokota bahasha, akaipangusa vumbi la maharagwe. "Nilijua."

"Ahaa!"

"Banque ilituma meseji: madame, carte yako mupya iko tayari. Nikasoma. Nikanyamaza."

"Ulinyamaza, ukafungua carte, ukabapatia namba."

"Sikufungua! Angalia gundi!"

"Gundi inaweza kurudishwa. Weye ulikuwa transporteur miaka yote hiyo, ulifungua mizigo mingapi ya batu na ukaifunga?"

Neno hilo lilimwingia Osée kwenye mfupa. Kabla ya vita alikuwa na lori kwenye njia ya Beni, na kama kuna kitu alichojivunia ni kwamba mzigo wa mtu ulifika kama ulivyofungwa. Lori sasa halipo. Limebaki jina.

Kutoka kibanda cha pili, Françoise, muuza mawese, alipenyeza kichwa chake kati ya madumu. "Mama Kambale, pole pole. Huyo ni bwana, si ndizi ya kuponda lituma. Umemuponda toka asubuhi, atabaki nini cha kula mangaribi?"

"Françoise, uza mawese yako."

"Nauza na nasikia. Sikio haliombi leseni, haliombi patente."

Kyakimwa hakucheka. Alikuwa amemkazia macho mumewe.

"Kama haiko weye, ni nani? Carte iko chini ya gunia. Namba yake miye mwenyewe siijui. Bao ba kampuni balijua namna gani?"

Osée aliikunjakunja bahasha. Kisha akasema jambo ambalo lingekuwa heri alimeze.

"Labda ni Mungu hataki tumuache mutoto."

Françoise alirudisha kichwa chake ndani, taratibu, kama kobe aliyeona mguu.

Kyakimwa alifunga sanduku la pesa, akafunga kitenge kiunoni mara ya pili.

"Vaa viatu. Tunaenda banque."

"Sasa?"

"Unataka twende Mungu akimaliza kutukata?"

Nassoro, mwendesha pikipiki wa pale kona, aliwapakia wote wawili, mke katikati, mume nyuma akining'inia. Akawafikisha katikati ya mji. Walipofika, Nassoro alimwangalia Osée akishuka kwa shida.

"Papa Osée, uso gani huo? Mama anakupeleka polisi?"

"Banque."

"Heri polisi. Kule mutu anatokaga."

Ndani ya benki kulikuwa na foleni ya walimu waliokuja kwa ajili ya mishahara, mlinzi aliyelala kwa jicho moja, na feni iliyokuwa inazunguka bila kumpepea mtu. Kyakimwa hakupanga foleni ya walimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya malalamiko, ambako hakuna anayekimbilia, kwa sababu watu wa mji huu huwalalamikia majirani, hawaendi kulalamikia ofisi.

Mezani alikaa Khadija, binti wa moja ya zile familia za Kiislamu ambazo ziko Kisangani tangu kabla ya benki kujengwa. Kiswahili chake kilikuwa kile cha madrasa, kimenyooka kama mstari, na wateja walimtania kwamba akiongea inabidi wavue viatu.

"Karibuni. Nani mwenye akaunti?"

"Miye. Na huyu njo mwizi."

"Mama Kambale!"

"Alors, tusikie. Kama si mwizi, dada atasema."

Khadija aliichukua bahasha, akaipeleka kwenye mwanga, akaipitishia kidole kwenye gundi. Akafungua. Akaandika kwenye kompyuta, akasoma, akaandika tena. Osée alikuwa amesimama kama mtu anayesubiri hukumu ya mzigo uliopungua.

"Mama, hakuna aliyewapa namba."

"Haiwezekani."

"Inawezekana, tena ndiyo desturi yake. Nisikilize. Kadi ni kitu kimoja, ruhusa ni kitu kingine. Siku mlipoiandikia hiyo kampuni, hamkulipa mara moja tu. Mliiruhusu ije ichukue kila mwezi. Ruhusa hiyo haikai kwenye plastiki. Ukibadilisha kadi, wenye mtandao wa kadi wanaipa kampuni namba mpya, ili malipo yasikatike."

"Wanawapa? Bila kuniuliza?"

"Uliulizwa siku ya kwanza. Ukasema ndiyo."

Kyakimwa aliketi. Hakuwa amekaribishwa kiti, lakini aliketi.

"Donc, nimehama nyumba..."

"...na mbwa amekufuata. Ulibadilisha mlango, mama. Mbwa hukumfunga."

"Nilisema carte imepotea!"

"Ndiyo. Tukakupa nyingine. Hukutuambia kuna mtu hutaki achukue. Uliwaandikia wao kwamba basi?"

"Nilifikiri kubadilisha inatosha."

"Wengi wanafikiri hivyo," Khadija alisema, na hakusema kwa dharau. "Wanakuja kwangu wakiwa wameshagombana nyumbani."

 Osée alikohoa. Alikuwa na haki ya kukohoa, naye aliitumia.

Kyakimwa si mwanamke wa kuomba msamaha mbele ya watu, na nyuma ya watu pia humchukua muda. Alimtazama mumewe kuanzia viatu hadi juu.

"Bon. Ile ya leo asubuhi, haikuwa weye."

"Hiyo njo pardon?"

"Njo hiyo. Ipokee mbio, haitarudia."

Hapo, wasomaji, ugomvi ungeweza kuisha. Wangerudi Mangobo, Françoise angewacheka, na hadithi hii ningeifunga leo nikapike. Lakini Kyakimwa aligeukia meza.

"Dada Khadija. Huyo mbwa anafungwa namna gani?"

"Unaondoa ruhusa. Kwanza unawaandikia wao, kwa maneno mafupi, na nakala inabaki kwetu. Halafu unasaini hapa, na benki inaizuia kampuni hiyo. Si kadi, kampuni yenyewe. Wakijaribu tena, mlango umefungwa. Wakija kwa jina lingine, unarudi kwangu siku hiyohiyo, usingoje mwezi."

"Na ya leo?"

"Ya leo tutaipinga, ila siwezi kuahidi. Ya nyuma mliyoikubali wenyewe, mama, ihesabu kama mvua ya mwaka jana."

"Lete nisaini."

"Hapana!"

Osée alikuwa amepiga meza. Mlinzi alifungua jicho la pili. Walimu kwenye foleni waligeuka wote kama darasa moja.

"Hausaini," Osée alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kyakimwa, hausaini."

Alikuwa amemwita kwa jina. Mume anayekuita Mama Kambale miaka yote akikuita kwa jina lako, ujue amesimama ukingoni.

"Juu ya nini?"

"Bao balisema tukikata, dossier inafungwa. Hakuna atakayemutafuta tena. Miye sina lori. Njia ya Beni batu wanachinjwa. Goma siwezi kuingia. Hiyo njo mukono peke yake niko nao kule. Ukiukata, umeua mutoto."

"Miye nimeua?"

"Weye."

Wewe mama unayesoma hii huku mtoto wako anacheza uani, jaribu kulipima neno hilo. Kyakimwa alilipima. Halafu alinyoosha mkono.

"Lete simu."

"Ya nini?"

"Dada amesema kwanza tunaandika. Lete simu."

Osée aliishika simu kwa mikono miwili. Ilikuwa simu ya zamani, kioo chake kimepasuka pembeni, na namba yake imechorwa kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa duka lao tangu Kambale alipokuwa anajifunza kuhesabu. Kijana alijifunza tarakimu kwa kuisoma namba hiyo mlangoni. Ndiyo namba pekee aliyokuwa nayo kichwani. Kwa sababu hiyo Osée alilala nayo, alikula nayo, na chooni alikwenda nayo.

Kyakimwa aliivuta. Osée hakupigania. Nguvu za kupigania zilikuwa zimekwisha kwenye lile pigo la meza.

Akaandika kwa kidole kimoja, akitamka kila neno ili Khadija asikie: "Tunaondoa ruhusa. Musikate tena pesa yetu. Kyakimwa, mama ya Kambale." Akatuma.

Khadija akapiga picha ya kioo kwa kamera yake, iwe nakala ya benki. Kabla hajaiweka chini, simu ilitikisika.

Kumbuka, hawa ni watu ambao wakiulizwa swali walijibu baada ya wiki. Leo walijibu kabla feni haijamaliza mzunguko.

Kyakimwa alisoma kwa sauti, akigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili jinsi alivyoweza:

"'Madame, habari mbaya. Kambale amejeruhiwa. Yuko mikononi mwa watu wetu, anapewa dawa. Mkisimamisha malipo leo, dawa zinasimama leo. Amelia, amesema tuwaambie: Papa, Mama, mimi mtoto wenu wa kwanza na wa pekee, musinitupe.'"

Osée alijishika kwenye meza. "Umesikia? Umesikia! Amejeruhiwa! Dada, toa hiyo karatasi. Kyakimwa, baandikie upesi, sema tulikosea!"

 Kyakimwa alikuwa anasoma mara ya pili, midomo ikicheza bila sauti. Kisha alicheka. Hakikuwa kicheko kizuri. Mwalimu mmoja kwenye foleni alijivuta mbali.

"Mutoto wetu wa kwanza," alisema. "Dada Khadija, weye ni mutu wa hapa. Batoto ya kwenu munabapatia jina namna gani?"

"La babu, la bibi, la mtu wa dini..."

"Sisi Banande jina linakuja na mutoto mwenyewe. Anatoka nalo. Mutoto mwanaume wa kwanza ni Mumbere. Wa pili ni Kambale. Wa tatu Kasereka. Hauchague. Ukimwita mutu Kambale barabarani Butembo, ata kipofu anajua: huyu ametanguliwa na kaka."

Khadija aliacha kalamu.

"Kaka yake yuko wapi?"

"Alikufa mbele ya kuota meno. Tulikuwa tungali Butembo." Alilisema upesi, kama mtu anayepita kwenye kaa la moto. "Hatumutajagi kwa nyumba. Lakini Kambale anamujua. Kila Kambale anajua ni wa pili. Ata ukimutia kisu kwa shingo, hatasema miye ni wa kwanza. Jina lake mwenyewe lingemucheka."

Akamgeukia mumewe, na sasa sauti yake ilikuwa karibu ya upole, ambayo kwa Kyakimwa ni hatari zaidi.

"Baba Kambale. Bao balikuuliza batoto wenu bangapi wazima, ukasema mumoja. Bakafikiri mumoja ni wa kwanza. Ni batu banakaa mbali, hawatujui. Hawajamuona mutoto wetu. Hawajamuona ata siku moja."

Osée alikuwa anatazama sakafu.

"Labda ni mwandishi alikosea. Mutu wa kutafsiri. Bazungu hawajui mambo yetu..."

"Bon. Tubapime. Baulize: kaka yake Kambale anaitwa nani? Neno moja. Kama mutoto iko mikononi mwao, atalisema na damu inamutoka." Alimpa simu. "Uliza."

Osée hakuipokea.

"Uliza, Baba Kambale."

Feni ilizunguka. Mahali fulani nyuma mashine ya kuhesabu noti ilikuwa inapapatika kama kuku aliyefungwa miguu.

"Niliuliza," Osée alisema.

"Nini?"

"Niliuliza. Hilo swali. Lilelile."

"Lini?"

"Pasaka."

Kyakimwa alibaki na simu mkononi, mkono umenyooka, kama mtu anayemwonyesha mwenzake njia ambayo haipo.

"Bakajibu nini?"

"Kyakimwa..."

"Bakajibu nini!"

"Balisema mutoto haiko na kaka. Balisema ameshangaa kwa nini Papa anauliza vile."

 Hata walimu, hakuna aliyejifanya hasikii.

"Ulijua toka Pasaka," Kyakimwa alisema. "Ulijua ni uongo. Ukaniacha nikeshe na rozari kwa ajili ya meseji ya wezi. Nikafunga. Nikaenda kwa padri kumuomba misa ya shukrani. Ya shukrani, Osée! Na weye umekaa kwa benchi, pembeni yangu, unajua."

"Nilijua."

"Na ukaacha bakate."

"Niliacha."

"Juu ya nini? Niambie miye mujinga wako. Juu ya nini?"

Osée aliinua uso. Alikuwa amezeeka tangu waliposhuka kwenye pikipiki.

"Juu kila mwezi simu ilikuwa inalia. Ilikuwa inalia, na jina lake iko mule ndani. Kambale iko muzima. Najua ni uongo, lakini kwa dakika moja, mbele ya kukumbuka kwamba ni uongo, niko na mutoto. Miye nililipia ile dakika. Hakuna mutu mwingine anaiuzaga."

Mke mwingine angemkumbatia. Mke mwingine angemzaba kofi. Kyakimwa alifanya vyote viwili moyoni mwake, nje hakufanya hata kimoja.

"Pasaka hadi leo," alisema. "Ile pesa ingemupeleka mutu Kampala, ingemufikisha kambi za wakimbizi, angeuliza kwa mudomo wake, hema kwa hema. Mutoto kama iko muzima, amengoja sisi. Na sisi tulikuwa tunalipia usingizi wako."

Kyakimwa alimpa mumewe mgongo. 

"Dada, karatasi."

Khadija alisukuma karatasi mezani. Kyakimwa aliisoma yote, kila mstari, kwa sababu amejifunza kwa gharama kwamba ndiyo moja inaweza kuishi muda mrefu kuliko kadi. Akasaini. Wino ulitoboa karatasi mahali pa nukta.

"Bado kitu kimoja," Khadija alisema. "Mashine inataka uthibitisho. Inatuma code kwenye namba iliyoandikishwa, na code haikai muda mrefu. Nitume?"

"Tuma."

Kyakimwa aliweka simu mezani, mbele ya mumewe.

"Uliifungua na kidole chako. Ifunge na mudomo wako. Miye siisomi."

"Kyakimwa, usinifanyie hivi."

"Usiposoma, inakufa yenyewe, na mwezi kesho banakata tena, na utapata dakika yako. Chagua. Lakini miye nitakuwa nimejua, na utakuwa unaila mbele yangu."

Simu ilitikisika. Tarakimu zilitokea kwenye kioo kilichopasuka. Khadija aliweka vidole kwenye kompyuta, akasubiri, macho chini, kwa adabu ya mtu aliyelelewa kutotazama mwanaume akilia.

Osée aliisogeza simu karibu na macho.  Akapangusa kioo kwa shati. Akasoma tarakimu ya kwanza. Akasoma ya pili. Alisoma polepole, namba moja moja, kama baba anayemfundisha mtoto kusoma namba mlangoni.

Khadija aligonga kitufe.

"Imefungwa," alisema.

Hakukuwa na kengele wala mshindo. Mwaka mzima wa mkono mfukoni mwao, na mwisho wake sauti ndogo ya kitufe.

"Na namba ya meseji za benki?" Khadija aliuliza. "Tuibadilishe, iwe yako, mama?"

"Iwe yangu. Ile ya duka tunaiacha wazi." Kyakimwa alikuwa ameshasimama. "Ile njo Kambale anaijua. Haifungwi hadi nife."

Wakati huohuo simu ya duka ilianza kulia.

Haikuwa meseji. Ilikuwa inapigwa. Namba ya Uganda, isiyo na jina.

"Ni bao," Osée alinong'ona, amerudi nyuma hatua. "Tumebakata, sasa banapiga kututisha. Usichukue."

Kyakimwa aliitazama ikilia. Watu wale hawajawahi kupiga, hata mara moja. Sauti hubeba mambo ambayo meseji haibebi. Basi leo wamepata ujasiri? Vizuri. Swali lake alikuwa nalo tayari, limenolewa, lile la kaka. Atawauliza wao kwa wao, sauti kwa sauti, kisha atawaambia mama zao wamezaa nini.

Akaipokea. Akavuta pumzi ili aanze.

Hakuwahi. Upande wa pili mwanamke alianza kwanza. Alikuwa kijana, na nyuma yake kulikuwa na kelele za watoto wengi na upepo unaopiga turubai.

"Usiseme jina lako," sauti ilisema, kwa Kiswahili cha Goma. "Simu nyingi ziko mikononi mwa batu haiko zao. Jibu kwanza. Mumbere analala wapi?"

 Jina lile, ambalo halikutamkwa ndani ya nyumba yao miaka yote hiyo, lilikuwa limevuka mpaka, likaingia sikioni mwa Kyakimwa katikati ya benki.

Wezi hawakulijua. Waliulizwa, hawakulijua.

Osée aliona uso wake. "Ni nani? Kyakimwa, ni nani?"

Alimnyamazisha kwa kiganja.

"Nyuma ya jiko ya mama yangu," alisema kwenye simu. "Butembo. Pale migomba inaanzia."

 Upande wa pili mtoto mmoja alilia, akabembelezwa, na aliyembembeleza alikuwa yuleyule anayepiga simu.

"Basi njo weye," mwanamke alisema. "Miye naitwa Florentine. Mama mukwe, pardon, hatujawahi kuonana. Ikala chini kwanza, nikuambie."

Kiti kilikuwa palepale, nyuma ya magoti yake. Khadija alikisogeza karibu zaidi. Osée alikuwa amemshika mkewe mkono bila kujua anauvunja.

Kyakimwa alikisukuma kiti kwa mguu hadi kikagonga ukuta.

"Sema," alisema. "Nimekaa chini mwaka muzima. Hii nitaisikia nikiwa nimesimama."